Mtoto Alinyamaza, Mimi Nikaendelea Kulia

Kama umekaa mahali sasa hivi na mtoto mchanga mapajani, na unamtazama kama unavyotazama mzigo ambao mwenyewe ameuacha akasema anarudi, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Wengine wanaweza kusoma, sikatazi. Lakini wakifika pale watakapojiuliza huyu ni mama wa namna gani, waweke chini waende wakapike.

Mimi si daktari. Ni fundi wa nguo, nashona sare za shule na magauni ya kanisani pale soko la Rodi Kopany, karibu na Homa Bay, na cherehani yangu ni ya miguu. Ugonjwa wangu ulichelewa kupewa jina, na hata ulipopewa halikunisaidia sana, kwa hiyo sitakusumbua nalo. Nitakuambia ulivyokaa mwilini mwangu na nani alinifanyia nini. Nilibaki hai. Hilo ujue tangu mwanzo, kwa sababu najua ukiwa mle ndani huna nguvu ya kuzungushwa.

Mwanangu alizaliwa mwanzoni mwa mvua za masika, miaka ile ya tisini ambayo kila boma lilikuwa na kaburi jipya na hakuna aliyetaka kusema limechimbwa kwa ugonjwa gani. Alizaliwa mnene, mzima, na koo lake lilikuwa zima pia. Alilia asubuhi, akalia mchana, akanyonya akalia tena. Kwetu Waluo, mtoto akilia hivyo bila homa wala tumbo, wazee wanajua la kufanya. Kuna mtu wa ukoo, marehemu, anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Basi nyanya humpakata na kuanza kuwataja marehemu mmoja mmoja, taratibu, akimwangalia usoni. Jina atakalonyamaza nalo ndilo lake.

Aliyempakata ni mama mkwe wangu, mama yake Owino mume wangu. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, asiyecheka ovyo, na marehemu wa ukoo wote amewaweka kichwani. Alitaja wengi. Alipofika kwa Ogutu, shemeji yake aliyezama ziwani zamani, mtoto akanyamaza na kufumbua macho.

"Kumbe ni wewe Ogutu," akasema. "Sasa pumzika, umefika."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi kuanzia saa hiyo nikawa Mama Ogutu, maana kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na lile alilopewa na wazazi wake linakaa tu. Mtoto alinyamaza kweli. Mimi ndiye nikaanza kulia.

Sikulia kwa sauti. Ni maji tu yaliyotoka, nikinyonyesha, nikifua nepi, nikipepeta mtama, hata nikizungumza na mteja kuhusu vifungo. Usingizi ulinikimbia hata pale mtoto alipokuwa amelala fofofo. Nywele zilitoka kwa mafungu nikichana, nikawa nazificha chini ya godoro kwa aibu. Chakula nilikitafuna kwa sababu meno yapo. Vidole vilitetemeka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, mimi ambaye nilikuwa natunga huku nikipiga gumzo. Na mtoto nilimwogopa. Nilikuwa namwosha kwa uangalifu wote, namfunga vizuri, namweka titi mdomoni, na ndani hakukuwa na kitu.

Siku za kwanza waliona ni uchovu. Baadaye mama mkwe akasema jina limekosewa. Ogutu alizama na mwili haukuonekana, akasema, na sasa anamwaga maji yake kwa macho ya mama wa mtoto. Wazee wakakubali. Mtoto akaitwa Oloo, nami nikawa Mama Oloo. Nilipoendelea kulia wakabadilisha tena, wakampa jina la babu yake, Odero, na hilo ndilo limebaki naye hadi leo. Sokoni wanawake walikuwa wananiuliza, "Leo tukuite nani?" Walikuwa wanatania. Niliwaambia waniite fundi.

Mtoto alipakatwa na kuulizwa yeye ni nani mara tatu. Mimi hakuna aliyenipakata akaniuliza.

Kwenye zahanati, mama mkwe akiwa kando yangu, muuguzi aliniuliza huyu ni mtoto wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Mama mkwe akageuza uso kuelekea mlangoni. Tulijua sote wawili kwamba si kweli.

Kulikuwa na mwingine kabla yake. Alizaliwa nyumbani, bila kulia, wakati wa mvua nyingine. Mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga na hapewi jina. Wanawake wazee humchukua, wakamzika upesi nyuma ya nyumba, na mama hubaki ndani, asione. Mimi nilibaki ndani. Hata sikuambiwa kama alikuwa wa kike au wa kiume. Nilipouliza, mama mkwe alisema, "Hiyo imepita, nyar Karungu. Tumbo lisahau." Nyar Karungu ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, maana nimetoka huko ziwani upande wa Migori. Nikanyamaza, na kila mtu akaona nimesahau.

Basi kwenye zahanati nikapewa dawa za malaria, nikazimeza. Masikio yakavuma, ngozi ikawasha, na machozi yakabaki pale pale. Wakaja wanawake wa kanisa na kanzu zao nyeupe na ngoma. Nitasema haki yao: walinishika. Mikono yao ilikuwa mizito na ya moto, na kwa muda ule wa kuimba nilihisi kuna watu duniani. Lakini mmoja wao alisema kilicho ndani yangu hakimpendi mtoto, na tangu siku hiyo mama mkwe akawa haniachi peke yangu naye. Shangazi yangu naye akaleta manyasi, zile dawa za miti, za kuchemsha na kunywa na za kuogea. Nikanywa, nikaoga. Kila mtu alikuwa na dawa yake na kila dawa ilikuwa imemsaidia mtu fulani mahali fulani.

Owino alikuwa na biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Alinunua magunia Homa Bay akapeleka Isebania, akauzia Watanzania kwenye mpaka. Zamani akirudi alikuwa ananikuta dukani, ananitania kwamba nashona hadi vivuli vya watu. Sasa alirudi akakuta nimekaa pale pale aliponiacha. Akaanza kuchelewa kurudi. Simlaumu sana. Hata mimi ningechelewa kama ningekuwa na pengine pa kwenda.

Mavuno ya mahindi yalipokwisha nikampeleka Odero Homa Bay kwa chanjo. Mama mkwe alikuwa na mguu mbaya siku hiyo, ndiyo maana niliachiwa niende peke yangu. Benchi lilikuwa limejaa wanawake hadi nje kwenye jua. Kando yangu alikaa mama mmoja wa kitambaa cha kijani kichwani, na mtoto wake mgongoni. Nikamwangalia. Nikaona ana mikono mizuri. Na kichwani mwangu jambo likaamuliwa bila kelele yoyote, kwamba Odero atakuwa salama na mtu yeyote kuliko mimi.

"Nishikie kidogo," nikamwambia.

Akampokea. Nikaondoka sikugeuka nyuma.

Nilishuka hadi ziwani. Ilikuwa mchana, wanawake wakifua na kuosha sufuria, omena zimeanikwa mchangani na ndege wakubwa wanazizunguka. Nikaingia majini na viatu vyangu miguuni. Nilichokuwa nakiwaza sikuandikii. Kama unakijua unakijua, na kama hukijui mshukuru Mungu upite. Sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimechoka tu, na nilitaka kukoma.

Nyuma yangu mtoto wa mfuaji mmoja akaanza kulia kwa njaa. Basi maziwa yangu yakashuka. Hayakuniuliza nimeamua nini. Yalishuka kwenye matiti yote mawili kwa uchungu, gauni likalowa kifuani kote, nikabaki nimesimama pale natiririka juu na maji yamenifika magotini.

"Mama," mfuaji akaniita, sabuni mkononi. "Wako analia mahali. Titi haidanganyi. Enda umnyonyeshe."

Akacheka kidogo akaendelea kufua. Hakujua alichofanya na sikuwahi kumwona tena. Nikatoka. Nilipanda kilima viatu vikilia maji kila hatua, watu wananitazama, na nilikuwa nalia kwa sauti sasa, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, kwa hofu kwamba nitakuta benchi tupu.

Yule mama wa kitambaa cha kijani alikuwa pale pale. Zamu yake ilikuwa imepita, alikuwa ameiacha ipite. Alitazama viatu vyangu, akatazama kifua changu. Akanipa mtoto. Nilipokuwa nanyonyesha akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha mfukoni mwake, akakivunja, akanipa nusu kubwa. Ukiwahi kukaa kwenye benchi karibu na mtu wa namna yangu, sikuombi zaidi ya hapo.

Lakini kwenye benchi hilo alikuwepo pia mtu wa kijijini kwetu, na habari ilifika nyumbani kabla yangu. Kesho yake asubuhi nilikuta mama mkwe amekaa na shemeji zake wawili, na Owino kwenye kiti cha pembeni. Odero alikuwa tayari mapajani kwa nyanya yake.

"Mtoto anabaki kwangu," mama mkwe akasema. "Wewe nenda kwenu kwanza, upumzike."

Mwanamke aliyeolewa akiambiwa aende kwao kupumzika, anajua anaambiwa nini. Nikamgeukia mume wangu.

"Owino, sema kitu."

"Nitasema nini, Mama Odero? Uliacha mtoto kwa benchi."

Na ni kweli, nilimwacha. Nikakunja nguo zangu. Cherehani niliiacha, nikasema moyoni kama cherehani yangu iko huku basi na mimi bado niko huku. Mtoto sikuruhusiwa kumuaga kwa muda mrefu, waliogopa.

Kule Karungu, mama yangu alinipokea bila swali. Maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yaliendelea kuja, matiti yakawa mawe, homa ikanipanda, mama akawa ananikanda kwa kitambaa cha maji moto na kukamua mchangani nyuma ya jiko, naye akitazama kando ili nisione uso wake. Kila asubuhi yalikuwa machache kuliko jana. Siku niliyoamka nikakuta kifua kimelegea na kikavu, nililala nimeelekea ukutani na sikuinuka. Niliona kwamba hata mwili wangu umeshakubali.

Baba ndiye alisema nipelekwe hospitali Migori. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa amekaa nje akinoa jembe ambalo lilikuwa limeshanolewa, akasema tu, "Huyu tutamzika tukitazama hivi."

Nitakuambia kuhusu kungoja, maana kungoja ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya ugonjwa. Unangoja ukutani pamoja na watu waliokonda hadi nguo zinawaning'inia, na unaona aibu kwamba wewe una nyama na bado unataka kufa, wakati wao wanang'ang'ania. Unangoja huku mama yako anaeleza kila anayeuliza kwamba ni kichwa kinaniuma. Jina linaitwa, si lako. Linaitwa lingine. Mlango ulipofunguliwa kwangu, aliyekuwa ndani alikuwa Sista Boke, Mkuria wa kule karibu na Isebania. Hakujua Kiluo na mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo tukazungumza Kiswahili.

Nadhani hilo liliniokoa. Kiluo changu kina mama yangu ndani yake, na Mungu, na mama mkwe. Kuna maneno siwezi kuyatoa kwa lugha hiyo, yanakwama. Kiswahili nilikuwa naongea na wateja na wenye maduka tu, hakijawahi kuniona nikiwa mtoto. Nikamwambia, "Sista, sitaki kuishi, lakini sijui kama nataka kufa." Mama yangu aliyekuwa kando alisikia akafunika mdomo.

Sista Boke akaweka kalamu chini. "Unaitwa nani?"

"Mama Odero."

"Hapana. Wewe mwenyewe."

Ilibidi nifikirie. "Selina," nikasema. Lilisikika kama jina la mtu niliyesoma naye.

Daktari alinipa vidonge vidogo vya jioni. Vilinikausha mdomo, vikanifungia choo, vikanifanya nitembee kama mlevi asubuhi, na machozi hayakukoma. Nilirudi nikasema havifanyi kazi. Sista akasema vinachelewa, nivumilie, akaniuliza ninatumia nini kingine. Nikajifanya natafuta kadi. Nilijua wanavyokasirika wakisikia habari ya manyasi.

"Mimi pia nina shangazi," akasema.

Nikacheka kidogo, nikamwambia.

"Ya kunywa ama ya kuoga?"

"Yote mbili."

"Ya kunywa weka kando kwanza, nisishindwe kujua nini inakufanya nini. Ya kuoga inanukia vizuri?"

"Vizuri."

"Basi oga. Na hao wa kanisa wakija kuomba, waombe. Ila wakikwambia uache hizi vidonge, ama ufunge kula, wewe ukatae. Na asubuhi jua ikitoka, utoke nayo. Usingoje usikie kutoka."

Mama yangu alilichukua hilo la jua kama amri ya serikali. Kila kulipokucha alinivuta mkono, akaniwekea jembe begani, tukaenda shamba la karanga. Nililichukia shamba hilo, nikalichukia jua, nikamchukia na yeye kidogo. Ilipofika zamu yetu ya kulimiwa, wakaja wanawake wa saga, wale wanaolimiana kwa zamu huku wakiimba, na baadaye nikalazimika kwenda nao kwa wengine, maana ukilimiwa lazima nawe ulime. Nilisimama kwenye mstari wao nikiwa mzito kama gogo. Hawakunisemesha. Jembe la wa kushoto linashuka, la wa kulia linashuka, basi na langu likashuka. Siku moja nikagundua kwamba kwa urefu wa wimbo mzima sikuwaza chochote. Sikuwa na furaha, lakini nilikuwa nimepumzika kwa urefu wa wimbo mmoja.

Usidhani nilikuwa napona. Mvua za vuli zilipoanza kugonga bati niliporomoka vibaya kuliko mwanzo. Sikuoga, sikutoka, vidonge niliwekewa mdomoni na mama. Nilikuwa nasikia mtoto akilia kwenye mvua, na hakuwa Odero. Nilipopelekwa tena Migori nilimwambia Sista hilo, nikiwa na uhakika sasa atanipeleka kwa wendawazimu.

"Huyo anayelia ni nani?"

"Kulikuwa na mwingine kabla."

"Msichana ama mvulana?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Niliambiwa tumbo lisahau."

Akatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha hata pale. "Na nani anajua?" akaniuliza.

Aliyejua ni mama mkwe peke yake. Wazee wenzake walioshika jembe siku hiyo walikuwa wameshafariki.

Owino alipita Karungu akitoka Isebania. Aliketi nje, mbali na jiko, kwa sababu mkwe hapaswi kukaribiana na mama mkwe wake. Nikamwendea pale, nikamuuliza kama aliwahi kuambiwa mtoto wetu wa kwanza alikuwa nani.

"Hapana," akasema.

"Na hukuuliza?"

"Mwanaume anaulizia wapi hayo mambo, Selina?" Sijui jina langu alilitoa wapi, alikuwa hajalitumia tangu tuoane. Akafuta uso kwa mgongo wa mkono unaonuka omena. "Nilirudi nikakuta mmefagia. Nikaona kama mmekubaliana nisijue."

Tulikaa hapo mume na mke, kila mmoja amedhani mwenzake anajua. Nikamwambia ampelekee mama yake swali langu. Akasema atalipeleka, lakini hatajibiwa.

Mama mkwe hafiki kwa wazazi wa mke wa mwanawe hivi hivi. Kuna mpango wake, kuna watu wa kumsindikiza. Huyu alikuja peke yake, kiangazi cha baada ya mwaka mpya, vumbi hadi magotini na Odero kiunoni. Alisimama langoni hadi baba yangu akamwomba aingie mara ya pili. Hakula, maji tu aliyakubali.

Odero alikuwa anakaa mwenyewe sasa, na meno mawili. Nikamnyooshea mikono. Akanitazama, akajificha shingoni kwa nyanya yake, akapiga kelele. Nililitegemea hilo, na bado lilinikata maini.

"Anasahau haraka, atakumbuka haraka," mama mkwe akasema. Kisha akaniambia tukae nyuma ya nyumba, mimi na yeye na mtoto.

Kwanza alipangusa vumbi miguuni.

"Mimi nilizika wawili hivyo, kabla ya Owino," akasema. "Mama mkwe wangu alichukua, sikuona. Hakuniambia kitu mpaka akakufa. Nikaona ndio dawa, kwa maana mimi niliinuka nikalima. Kwa hiyo nikakupa hiyo hiyo." Akamhamisha Odero goti. "Alikuwa msichana, nyar Karungu. Alikuwa na nywele nyingi, na miguu mirefu kama yangu. Nilimwosha kwa maji moto, sikutumia baridi. Nikamfunga leso yangu, ile ya maua mekundu."

Leso hiyo niliikumbuka. Niliwahi kumuuliza iko wapi, akasema imechanika.

"Mvua ilikuwa kubwa, shimo linajaa maji tunamwaga nje. Mimi ndiye nilikataa awekwe kwa maji. Tulimwaga mpaka likakauka." Akaanza kulia kama nilivyokuwa nalia mimi, bila sauti, maji tu. "Wakati nilipakata huyu nikawataja marehemu wote, huyo sikumtaja. Ningemtaja kwa jina gani?"

"Alizaliwa kwa mvua," nikasema.

"Kwa mvua."

"Basi ni Akoth."

Kwetu msichana wa mvua ni Akoth, halihitaji kikao cha wazee. Mama mkwe akalirudia polepole, jinsi anavyowataja marehemu. Odero alikuwa amenishika kidole bila kukijali, anakitafuna kwa meno yake mawili, na iliuma, na nilikiacha.

Sitakudanganya kwamba nilisimama hapo nikiwa mzima. Vidonge niliendelea navyo hadi masika mengine yalipokwisha, na vilipunguzwa kidogo kidogo. Maji ya kuoga ya shangazi bado nayachemsha. Niliporudi Rodi Kopany tulifyeka nyasi nyuma ya nyumba, mahali mama mkwe aliponionyesha kaburi la Akoth, Owino akiwa amesimama kando na kofia mkononi. Lakini mvua ikigonga bati bado nashika ukingo wa cherehani, na wiki fulani hazifai kitu, na kuna siku nilimtazama Odero nikaogopa kwamba ule utupu wa ndani umerudi. Wakati mwingine ulikuwa umerudi kweli. Nikaenda Migori, nikakaa kwenye benchi, nikangoja. Kwa wanawake wa saga huku kwetu nilijipeleka mwenyewe, jembe begani.

Masika hayo nilimpeleka Odero kwa sindano ya surua. Mama mkwe alikuja nami, na safari hii nilijua hakuja kunichunga. Muuguzi alikuwa mgeni, kijana, ana haraka.

"Mama, uko na watoto wangapi?"

Nikafungua mdomo. Neno lile la zamani likaja mbele, mmoja, na nikashindwa kulitoa na kulimeza pia. Foleni ikaanza kuguna nyuma yetu. Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi na hakitoi mbele za watu, akaegemea meza.

"Wawili," akasema. "Wa kwanza Akoth. Hiyo iko nyumbani. Wa pili ndio hii."

Muuguzi akaandika bila kuinua kichwa, akaniambia nimshike mtoto vizuri asiruke. Nikamshika.